Kurekebisha gitaa la umeme: mfupa, springi na volyumu kwanza, pikapu baadaye

Gitaa linalokutwa zaidi kwenye kwaya na bendi za Arusha na Moshi ni la umbo la Stratocaster: pikapu tatu (vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi) za koili moja, swichi ya hatua tano, kitufe kimoja cha volyumu, viwili vya toni, na daraja la tremolo, lile linaloinamishwa kwa mkono ili sauti iyumbe, ambalo mkono wake ulishapotea zamani. Liwe halisi la kampuni ya Fender au kopi ya China, ramani yake ni ile ile, kwa hiyo na marekebisho ni yale yale. Mpigaji akichoka na sauti yake, kitu cha kwanza anachofikiria ni pikapu mpya. Lakini gitaa linalotoka kwenye tyuni kila baada ya pambio moja litaendelea kutoka hata ukilifunga pikapu za bei ya pikipiki. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na vitu vinavyogharimu karibu na bure na ambavyo ukiviharibu vinarudishika.

Vifaa vya kuwa navyo mezani ni bisibisi ya nyota na ya bapa, alenki ndogo, mita ya kupimia ohmu, tupa ndogo, msasa, rula ya chuma, chuma cha kulehemu na waya wa risasi wenye dawa ndani. Chuma kiwe cha wati 40 hadi 60. Cha wati 25 kinatosha kwenye miguu ya swichi, lakini mgongo wa poti (kile kifaa kinachozungushwa na kitufe cha volyumu au toni) ni bati linalonyonya joto: risasi inabaki kidonge cha kijivu kilichokaa juu bila kushika, wewe unazidi kukandamiza, na mwisho kinachoungua ni poti yenyewe kwa ndani. Kwangua mgongo huo kwa msasa, weka joto la kutosha sekunde tatu au nne, kisha ondoa. Na kabla hujagusa waya wowote, piga picha kwa simu, ya karibu na ya mbali.

Kidaraja cha mfupa

Kile kipande cheupe kati ya shingo na kichwa cha gitaa, kinachobeba nyuzi zote sita, kwenye magitaa ya bei nafuu huwa plastiki laini, mara nyingi yenye uwazi kwa chini. Uzi unanasa humo. Utaujua ugonjwa wake hivi: unakaza uzi wa tatu, hausogei, halafu unasikia "ti!" na sauti inaruka kupita pale ulipotaka. Au unauvuta kwa kidole katikati ya solo na ukiuachia haurudi ulipokuwa. Lawama zote huangukia vikaza nyuzi, na vingi hubadilishwa bila kosa. Legeza nyuzi, sugua ncha ya penseli ya 2B ndani ya kila mfereji mpaka uwe mweusi, kaza tena. Tyuni ikitulia, mgonjwa ni kidaraja.

Penseli ni panadol tu. Dawa ni mfupa, na mfupa huku hauagizwi kutoka nje. Mwambie muuza supu akuwekee mfupa wa muundi wa ng'ombe, ile sehemu ya katikati iliyonyooka na yenye ukuta mnene; vichwa vya mfupa vina matundu kama sifongo, havifai. Uchemshe saa moja au mbili, toa uboho wote, uloweke usiku kucha kwenye maji ya sabuni ya unga, kisha uuanike wiki nzima. Usiharakishe kuukausha. Mafuta yakibaki, gundi haishiki na kidaraja kinaota madoa ya njano.

Ukate kwa msumeno wa chuma, nje, ukiwa umefunga pua na mdomo. Unga wa mfupa si wa kuvutwa mapafuni, na harufu yake ni ya pembe iliyoungua. Kopi nyingi za Stratocaster zinachukua kipande cha urefu wa milimita 42 na unene wa kati ya 3.2 na 3.5, lakini usiamini namba hizi, pima cha kwako. Ili kutoa cha zamani, chora kwanza kwa wembe kukizunguka chote ili vanishi isibanduke nacho, kisha kigonge kidogo kwa pembeni ukitumia kijiti na nyundo nyepesi. Kipya kinyooshe kwa msasa uliolazwa juu ya kioo. Kiingie mahali pake kwa nguvu ya kidole gumba. Kikihitaji nyundo bado ni kinene, na ukilazimisha, kile kimdomo chembamba cha mbao kitapasuka.

Mifereji ndiyo kazi yenyewe. Kutoka katikati ya uzi wa sita hadi katikati ya uzi wa kwanza acha takriban milimita 35. Zile nyuzi nne za kati zipange kwa kulinganisha uwazi kati ya uzi na uzi, siyo katikati kwa katikati, maana nyuzi za besi ni nene na zitaonekana zimebanana. Tupa maalumu za kazi hii ni ghali na hapa hazipatikani kirahisi. Nenda duka la vifaa vya kuchomelea mageti, uulize kile kifurushi cha vijiti vyenye meno vya kusafishia noza za gesi. Vina unene tofauti tofauti, kuanzia vyembamba hadi vinene. Chagua kinachozidi uzi kwa unywele tu: mfereji mwembamba unanasa, mpana sana unaufanya uzi ulie kwa pembeni.

Kata ukiwa umeinamisha mkono kuelekea kichwani, ili sehemu ya juu kabisa ya mfereji iwe ukingoni upande wa freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo. Ukikosea mwinamo, uzi utakalia katikati au nyuma ya kidaraja. Utasikia mlio wa nyuki kwenye uzi mtupu, na kila noti ya freti za mwanzo itakuwa nje kidogo hata ukityuni vipi. Punguza kina kwa hatua ndogo sana. Kipimo ni hiki: bonyeza uzi kati ya freti ya pili na ya tatu, kisha angalia juu ya freti ya kwanza. Panatakiwa pabaki mwanya ambao karatasi ya A4 ya kawaida, yenye unene wa karibu milimita 0.1, inapita kwa kugusagusa. Pasipo na mwanya kabisa umeshazidisha. Hapo jaza mfereji kwa ule unga wa mfupa uliobaki mezani, dondoshea tone moja la supagluu, subiri ukauke kama jiwe, ukate upya. Unga usiutupe basi mpaka kazi iishe.

Kubandika tumia matone mawili ya gundi ya mbao, yasizidi, maana ipo siku kitahitaji kutoka tena. Na ukihamia nyuzi nene, tuseme kutoka seti ya 9 kwenda ya 10, pitisha vijiti upya. Mfereji wa uzi wa sita uliokatwa kwa inchi 0.042 unaukaba uzi wa inchi 0.046.

Kufunga tremolo

Kama mkono wa tremolo huutumii, na wapiga sebene wengi hawautumii, lile daraja linaloelea linakuletea hasara tupu. Uzi mmoja ukikatika katikati ya ibada, nyuzi tano zilizobaki zinapanda zote kwa pamoja, kwa sababu springi za nyuma zimepata nafasi ya kuvuta. Fungua kifuniko cha nyuma. Ukikuta springi tatu, ongeza ziwe tano, kisha kaza skrubu mbili za ile kucha inayoshika springi, robo mzunguko kila upande kwa zamu, mpaka bamba la daraja lilale kabisa juu ya mwili wa gitaa hata nyuzi zikiwa kwenye tyuni. Vuta uzi wa tatu toni nzima huku ukitazama daraja: likiinuka nyuma, kaza tena.

Kwa wanaotaka lisitikisike kabisa, chonga kipande cha mbao ngumu kiingie kwa kubana kati ya lile pande la chuma la daraja na ukuta wa shimo ulio upande wa mkia wa gitaa, yaani upande usio na springi. Mpiga gitaa Mwingereza Eric Clapton anajulikana kwa kupiga Stratocaster iliyofungwa namna hii. Kipande kisigandishwe kwa gundi, ukikihitaji kutoka kitoke.

Daraja likishalala, urefu wa nyuzi unabadilika, kwa hiyo pima upya. Kwenye freti ya 12, milimita 2 chini ya uzi wa sita na 1.6 chini ya uzi wa kwanza ni mahali pazuri pa kuanzia. Halafu linganisha noti ya freti ya 12 iliyobonyezwa na harmoniki yake hapo hapo, yaani noti inayolia ukiugusa uzi kidogo bila kuubonyeza. Noti ikiwa juu, sogeza tandiko la uzi huo (kile kipande cha daraja kinachoubeba) nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, lisogeze mbele. Usiruke hatua hii kama unapiga solo: nusu ya sebene inachezwa juu ya freti ya 12, na kosa lisilosikika kwenye kodi (noti zinazopigwa pamoja) za chini huko juu linapiga kelele.

Mvumo, ethi na foili

Kuna mivumo miwili na dawa zake ni tofauti. Ule mzito, wa chini, ni wa sumaku za transfoma na nyaya za umeme wetu wa hezi 50. Pikapu ya koili moja inaudaka kama antena na foili haiuzuii. Unapungua ukigeuka na gitaa, au ukiweka swichi hatua ya pili au ya nne, ikiwa pikapu ya katikati imesukwa kinyume na nyingine. Ule mwingine ni mkali, wa kukwaruza, unaotoka kwenye taa za tyubu, chaja za simu na swichi za kufifisha taa. Huo ndio unaofunikwa na foili.

Foili ya shaba yenye gundi ndiyo nzuri, ila ile ya jikoni inafanya kazi ukiheshimu tabia zake mbili. Kwanza, alumini haishiki risasi ya kawaida, kwa hiyo waya wa ethi ufunge kwa kikuku na skrubu ya mbao inayobana foili. Pili, gundi haipitishi umeme: vipande viwili vilivyobandikwa kimoja juu ya kingine vinaweza visiwasiliane kabisa. Kunja ukingo wa kila kipande ili chuma kiguse chuma, kisha weka mita ya ohmu pembe hii na pembe ile. Isome chini ya ohmu 1. Bandika ndani ya shimo lote na nyuma ya plastiki ya mbele, na ukingo mmoja uinuke juu kidogo ili pande hizo mbili zigusane ukifunga skrubu. Ukimaliza, sehemu zinazokaribiana na miguu ya swichi na ulimi wa jeki (tundu la kuchomekea waya wa amplifaya) zifunike kwa selotepu ya umeme. Gitaa likiwa kimya kabisa baada ya foili, karibu kila mara ni ule ulimi wa jeki unaogusa foili pale plagi inapoingia.

Gusa nyuzi ukiwa umechomeka. Mvumo ukipungua, ethi ya daraja iko sawa. Usipobadilika, waya unaotoka kwenye kucha ya springi umeachia, uchomelee upya. Ukiongezeka, nyaya mbili za jeki zimebadilishana.

Hapa pia kuna suala la uhai, si la sauti. Nyuzi zimeungwa na bodi ya amplifaya, na midomo yako iko kwenye maikrofoni ya mfumo mwingine. Ethi ya ukutani ikiwa haipo, au ekstensheni ikiwa ya pini mbili, tofauti ya umeme inapita kwako. Weka mita kwenye volti za AC, ncha moja kwenye nyuzi na nyingine kwenye chuma cha maikrofoni. Ikisoma zaidi ya volti chache, usipige. Na usikate ule waya wa ethi wa gitaa eti kuondoa mvumo. Tatizo la ethi hurekebishwa kwenye soketi.

Volyumu isiyoua trebo

Punguza volyumu ya gitaa mpaka nusu, sikiliza. Sauti haipungui tu, inavaa blanketi. Kwa mpigaji wa huku, ambaye gitaa lake linatakiwa lipasue katikati ya kinanda na waimbaji thelathini, huu ni ugonjwa mkubwa kuliko pikapu dhaifu, na dawa yake ni vitu viwili vidogo vinavyolala kwenye redio mbovu.

Kwanza hakikisha poti ni sahihi. Pikapu za koili moja hutumia kilo-ohmu 250, hambaka, yaani pikapu za koili mbili, hutumia 500. Thamani ikiwa ndogo, trebo inavuja kwenda kwenye ethi hata volyumu ikiwa wazi yote. Kwenye meza za mafundi redio, iwe soko la Kilombero Arusha au la Mbuyuni Moshi, utapewa kwa urahisi poti za 10k, 50k na 100k, na zinaingia kwenye tundu bila shida. Ukifunga ya 10k gitaa linakuwa bubu lenye mafua. Soma maandishi ya mgongoni: A250K ni ile inayopanda kwa kufuata sikio, nzuri kwa volyumu na toni. B250K inapanda kwa mstari ulionyooka. Inafanya kazi, ila mabadiliko yanarundikana mwisho mmoja wa kitufe. Usipoipata ya 250k, afadhali ya 500k, sauti itang'aa zaidi na utaipunguza kwenye toni. Poti iliyopo ikiwa inakwaruza tu, usiibadilishe: ni vumbi la kiangazi, ipulizie dawa ya kusafishia mawasiliano na uizungushe mara ishirini.

Sasa zile dawa mbili. Omba kapasita iliyoandikwa 102, yaani mikrofaradi 0.001, na rezista ya kilo-ohmu 150, yenye mistari ya kahawia, kijani na njano. Zisokote pamoja ubavu kwa ubavu ili ziwe na miguu miwili tu, uzivishe ganda la waya zisiguse kitu. Poti ya volyumu ina miguu mitatu: mmoja wa pembeni unapokea waya wa swichi, wa kati unapeleka kwenye jeki, wa tatu umekunjwa na kuchomelewa mgongoni. Chomelea mguu mmoja wa kile kifungu kwenye ule wa swichi na mwingine kwenye wa kati. Basi. Njia inayofanyika hapo inaruhusu trebo ipite pembeni unapopunguza, na rezista inazuia isipite kupita kiasi.

Kosa la kawaida ni kusoma 103 ukadhani ni 102. Hiyo ni kubwa mara kumi, inapitisha hadi sauti za kati, na ukipunguza volyumu utabaki na mlio mwembamba wa redio ya mkulima. Kosa jingine ni kuchomelea kwenye mguu wa ethi badala ya wa kati. Hapo trebo inakwenda ardhini na hali inakuwa mbaya kuliko mwanzo.

Kapasita ya toni ni jambo la dakika moja. 473 ni kawaida kwa koili moja, 223 kwa hambaka au kwa asiyependa toni iende gizani kabisa. Zile za mafuta na karatasi zinazouzwa ghali mtandaoni ziache zikae huko. Kinachosikika ni thamani.

Kuhamisha waya mmoja

Kwenye mpangilio wa zamani wa Stratocaster, pikapu ya darajani, ambayo ndiyo kali kuliko zote, haina toni. Toni ya kwanza ni ya shingoni, ya pili ni ya katikati. Chomelea kipande cha waya kwenye swichi kutoka mguu wa toni ya katikati kwenda mguu wa toni wa darajani, na kitufe cha mwisho kitahudumia zote mbili. Swichi za kopi hazifanani miguu, nyingine zina minane kwenye mstari mmoja, kwa hiyo usifuate mchoro kibubusa. Weka mita kwenye ohmu, sogeza swichi hatua kwa hatua, andika mguu gani unawasiliana na upi.

Swichi ya hatua tano haiwezi kuwasha pikapu ya shingoni na ya darajani kwa pamoja. Ukibadilisha toni moja kwa poti ya kuvuta, waya mmoja kutoka mguu wa pikapu ya shingoni kwenye swichi uingie katikati ya upande mmoja wa poti, na mwingine utoke mguu unaoungana na ule wa kati ukivuta, uende pale swichi inapotolea. Ukivuta kitufe, shingoni inawaka popote swichi ilipo: sauti mbili mpya, shingo na daraja, na zote tatu. David Gilmour, mpiga gitaa wa bendi ya Pink Floyd, alikuwa na swichi ya kazi hii kwenye Stratocaster yake nyeusi. Pima kina cha shimo kabla ya kununua, poti ya kuvuta ni ndefu na miili ya kopi nyingi ni myembamba.

Ukiamua kununua pikapu

Kabla ya hapo, pima urefu wa zilizopo. Bonyeza uzi wa sita freti ya mwisho: kati ya uzi na kichwa cha sumaku pawe na milimita 2.4, na uzi wa kwanza 2.0. Ukiziinua zaidi ili kupata nguvu, sumaku zinauvuta uzi na noti za juu zinatetemeka kama zina sauti mbili.

Kwa sebene na sauti safi, pikapu zenye nguvu sana si rafiki. Zimetengenezwa kwa ajili ya distoshoni, ile sauti inayokwaruzwa makusudi. Pikapu za koili moja zinazosoma kilo-ohmu 5.5 hadi 6.5 kwenye mita zitakupa uwazi zaidi. Anayehitaji kuua mvumo achukue hambaka ya umbo la koili moja, inaingia bila kuchimba mbao.

Ukichanganya pikapu mpya na ya zamani, pima fezi, yaani kama zinasukuma umeme upande mmoja, kabla ya kufunga. Weka mita ya mshale kwenye ncha zake mbili, gusisha bisibisi ya chuma juu ya sumaku, tazama mshale unarukia upande gani. Pikapu zote zirukie upande mmoja. Iliyo kinyume itatoa sauti ya kopo kila ikiwashwa na mwenzake. Badilishana nyaya zake mbili. Ila kama ina kifuniko cha chuma kilichoungwa na waya wa ethi, kata muungo huo kwanza na ukipe kifuniko waya wake, la sivyo bati lote litakuwa upande wa moto na litavuma kila ukiligusa kwa kidole.